Fergus Suter: mwashi aliyelipwa kwa siri

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Maneno haya twayasema sana katika ngoma na harusi zetu, mtu anapojitokeza akacheza vyema mbele ya jamaa zake, akatunzwa kwa noti au kwa leso. Lakini wahenga hawakutueleza hali ya yule ambaye kwao hapakuwa na cha kumtuza, akaenda kucheza kwa watu, huko akatuzwa kwa siri, naye kwao wakamfungia mlango. Habari za mtu wa namna hiyo ndizo nitakazowasimulia leo, wasomaji wangu. Jina lake ni Fergus Suter, Mskoti, fundi wa kuchonga mawe, na mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuishi kwa kabumbu.

Nimeona niandike habari zake kwa kuwa barazani mtaani kwetu, kila timu za Ulaya zinapocheza, vijana hubishana kuhusu mishahara ya wachezaji kama kwamba fedha na mpira vilizaliwa siku moja na mama mmoja. Sivyo. Palikuwa na wakati ambapo mchezaji aliyepokea shilingi moja kwa kazi ya mguu wake alihesabiwa kuwa mlaghai. Na waliomhesabu hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu walioshiba.

MWASHI WA GLASGOW

Suter alizaliwa Glasgow tarehe 21 Novemba 1857. Alijifunza uashi, na kandanda akaichezea timu ya Partick, mji uliokuwa ubavuni mwa Glasgow, kando ya mto Clyde, penye viwanda vya kuunda meli. Hapo hapo Partick, katika uwanja wa kriketi, tarehe 30 Novemba 1872, ndipo ilipochezwa mechi ya kwanza ya mataifa inayotambuliwa rasmi duniani, Uskoti na Uingereza, wakatoka sare bila bao. Suter siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 15.

Ili uelewe kwa nini Mskoti alitakikana Uingereza, sharti ujue jinsi mpira ulivyochezwa siku zile. Mwingereza akiupata mpira alikuwa akiinamisha kichwa na kuusukuma mbele peke yake kwa chenga na nguvu, wenzake wakimfuata nyuma wangoje upokonywe nao wauwahi. Kutoa pasi ilikuwa kama kukiri kuwa umeshindwa. Waskoti, hasa wale wa klabu ya Queen's Park ya Glasgow, waliona mapema kwamba mpira hukimbia kuliko mtu. Wakautoa huku, wakaupokea kule, wakaachiana nafasi. Jambo hili leo mtoto wa miaka saba analijua, lakini mwaka 1872 lilikuwa elimu mpya, na baadaye Waingereza wakawa wakiwaita wachezaji hao maprofesa wa Kiskoti.

Kwa hiyo Suter alikuwa na vitu viwili mkononi: patasi ya kuchongea mawe na elimu ya pasi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1878 benki ya City of Glasgow ilianguka, ikawafilisi wenye hisa zake wengi sana, na kazi ya ujenzi mjini ikadorora. Mwashi asiye na nyumba ya kujenga ni kama nahodha asiye na chombo. Mwisho wa mwaka huo Suter akafunga safari kwenda kusini, mji wa Darwen katika jimbo la Lancashire. Darwen hawakuwa wageni kwake, kwani timu ya Partick ilikuwa imekwisha kwenda kucheza huko mwanzoni mwa mwaka ule ule.

Alimkuta huko mwenzake wa Partick, James Love, ambaye biashara yake ya kusafisha barabara mjini Glasgow ilikuwa imefilisika. Kwa hiyo wote wawili hawakukimbilia utajiri. Walikimbia njaa.

MJI WA PAMBA

Darwen na jirani yake Blackburn ilikuwa miji ya pamba, yenye mabomba ya moshi na vyumba vya mashine za kufumia nguo. Lancashire si jina geni kwetu. Nguo za viwanda vya jimbo hilo zilijaa katika maduka ya mwambao tangu enzi za babu zetu, na lile Kombe la Gossage ambalo Kenya na Uganda walianza kulishindania mwaka 1926 lilitolewa na kampuni ya sabuni ya Widnes, mji uliokuwa katika Lancashire hiyo hiyo. Na Darwen ndio mji alioutembelea Gandhi mwezi wa Septemba mwaka 1931 kuzungumza na wafanyakazi wa viwandani walioathirika Wahindi walipogomea nguo za Kiingereza.

Katika miji hiyo sheria za viwanda zilikuwa zimempa mfanyakazi mapumziko Jumamosi baada ya adhuhuri. Saa hizo chache ndizo zilizozaa kabumbu tunayoijua. Watu walitoka mashineni, wakajaa viwanjani, wakalipa kiingilio. Na palipo na kiingilio pana fedha, na palipo na fedha hapakosi kuulizwa ni za nani.

Suter alisema kwamba amekwenda Darwen kufanya uashi. Haukupita muda akaiacha patasi. Alieleza kwamba mawe ya Uingereza ni magumu kuliko ya kwao, yanamvimbisha mikono. Watu wa Darwen wakatazamana. Mwashi hafanyi uashi, lakini anakula, anavaa na analipa kodi ya nyumba. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Mwaka 1902, mambo yote yalipokwisha kuwa halali, Suter mwenyewe alilieleza gazeti moja la Lancashire jinsi ilivyokuwa. Hapakuwa na mshahara maalumu, alisema, bali palikuwa na maelewano tu kwamba mchezaji akihitaji humwendea mtunza hazina. Huenda zikapita wiki tatu hajapata kitu, kisha akaenda akaomba paundi 10, naye akapewa bila taabu.

Hebu lizingatie jambo hilo, msomaji. Mtu mzima, fundi, aenda kwa mshika fedha kama mwana aendaye kwa baba yake kuomba ya mfukoni. Yaliyopasa kuwa haki yake yakawa ni hisani. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba ujira wa mtu aliyetoa jasho ni deni, tena deni lisilongoja. Hisani yaweza kukatwa wakati wowote, lakini deni lina pa kudaiwa.

WALIOSHIBA NA WENYE NJAA

Mapema mwaka 1879 Darwen walifika robo fainali ya Kombe la FA wakapambana na Old Etonians, timu ya mabwana waliosoma katika shule ya Eton, shule ya wana wa wakubwa. Mechi ilichezwa London, mwendo wa zaidi ya maili 200. Zikiwa zimesalia kama dakika 15, Etonians walikuwa mbele mabao 5 kwa 1. Hapo Darwen wakaamka, wakarudisha moja baada ya jingine mpaka ikawa 5 kwa 5. Wakaomba muda wa nyongeza, mabwana wakakataa.

Ikabidi warudiane, na huko huko London. Watu wa Darwen wakachanga fedha timu ipande gari la moshi mara ya pili. Wakatoka 2 kwa 2. Wakachanga tena, wakaenda mara ya tatu, na sasa wakachapwa 6 kwa 2. Kwa mtu wa Eton, safari hizo tatu zilikuwa ni kutoka nyumbani kwake kwenda uwanjani. Kwa mfanyakazi wa pamba kila safari ilikuwa ni ujira uliokatwa. Etonians ndio waliotwaa Kombe mwaka huo.

Leo wachezaji wasiolipwa twawaita wachezaji wa ridhaa. Ni neno zuri, lakini nami nauliza: ridhaa ya nani? Bwana mwenye benki na mashamba huridhika kucheza bure kwa kuwa chakula chake kimekwisha pikwa. Maskini akiambiwa acheze bure, maana yake ni kwamba ama aache mpira ama aache kula.

Mwaka 1882 chama cha kandanda cha Uingereza kiliandika kanuni kwamba mchezaji yeyote atakayepokea zaidi ya gharama zake halisi na ujira wa siku alizokosa kazini asishiriki katika Kombe wala katika timu ya taifa. Nisiwadhulumu walioiandika. Walichelea kwamba fedha zitaleta kamari, kwamba klabu tajiri zitanunua wachezaji wote wazuri, na kwamba watu watacheza kwa ukatili kwa sababu ya riziki. Tukitazama dunia ya leo, nani atasema hofu yao ilikuwa ya bure? Kosa lao ni kwamba waliuona ugonjwa, kisha wakamwandikia dawa mtu asiyekuwa mgonjwa.

KUTOKA DARWEN KWENDA BLACKBURN

Katika mwaka 1880 Suter aliihama Darwen akajiunga na Blackburn Rovers, maili chache tu kutoka hapo. Ilivuma kwamba amevutwa kwa paundi 100. Darwen waliwaka moto. Timu hizo mbili zilipokutana mwezi wa Novemba mwaka huo, watazamaji waliingia uwanjani na mechi ikavunjika. Wale wale waliofumba macho Suter alipokuwa akilipwa na timu yao, sasa ndio waliopiga kelele kwamba kulipwa ni haramu. Binadamu ndivyo alivyo. Mkono unaompa yeye hauoni, lakini unaompa jirani huuhesabu vidole.

Tarehe 25 Machi 1882 Rovers walifika fainali ya Kombe, na waliosimama mbele yao walikuwa ni Old Etonians. Etonians wakashinda bao 1 kwa 0. Nahodha wao, Arthur Kinnaird, alifurahi hata akasimama kwa kichwa chake, miguu juu, mbele ya jukwaa. Kinnaird alikuwa bwana mkubwa wa benki, mchezaji hodari kwelikweli aliyecheza fainali tisa za Kombe hilo, na baadaye akawa rais wa chama cha kandanda tangu 1890 hadi alipofariki mwaka 1923. Alizaliwa London. Lakini kwa kuwa asili ya ukoo wake ni Uskoti, mwaka 1873 aliichezea timu ya taifa ya Uskoti. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka uliofuata timu nyingine ya mji huo huo, Blackburn Olympic, iliwalaza Etonians 2 kwa 1. Ndiyo timu ya kwanza ya wafanyakazi kulichukua Kombe, na tangu siku hiyo hakuna timu ya mabwana iliyolitwaa tena. Mwaka 2020 ilitolewa filamu ya televisheni kuhusu mambo haya, The English Game, nayo imemfanya Suter kuwa shujaa wa fainali hiyo ya 1883. Filamu ina haki ya kupamba, lakini ukweli ni kwamba Suter hakuwamo.

Naye hakuhitaji kupambwa. Mwaka 1884 Rovers, Suter akiwa beki wao, waliifunga Queen's Park ya Glasgow 2 kwa 1 katika fainali. Mwaka 1885 walikutana na Queen's Park tena, wakawafunga 2 kwa 0. Mwaka 1886 walitoka sare na West Bromwich Albion, wakarudiana mjini Derby wakashinda 2 kwa 0. Makombe matatu mfululizo, na mwashi wetu aliyacheza yote.

SIRI YAFICHUKA

Siri ikikaa kwa watu wengi huoza. Mwezi wa Januari mwaka 1884 timu ya Preston North End ilitoka sare na Upton Park ya London, nao Upton Park wakapeleka mashtaka kwamba Preston wanalipa wachezaji. Mkuu wa Preston, William Sudell, hakukana. Preston wakatolewa katika Kombe. Kombe hilo la 1884, msomaji, ndilo lililochukuliwa na Blackburn Rovers, walio na Suter!

Msimu uliofuata klabu za kaskazini zikatishia kujitenga ziunde chama chao. Katibu wa chama cha London, Charles Alcock, naye alikuwa bwana wa shule ya Harrow, lakini alikuwa na akili ya kuona mbele. Alihimiza kwamba heri kulihalalisha jambo na kulitia katika daftari kuliko kulipiga marufuku na kulifuga uvunguni. Tarehe 20 Julai 1885, katika hoteli ya Anderton's barabara ya Fleet Street, London, wakakubaliana. Kulipwa kukawa halali, kwa masharti.

Suter alikuwa na miaka 27. Amekwisha cheza takriban miaka saba kwa siri. Ligi ilipoanzishwa mwaka 1888, kwa juhudi za Mskoti mwingine aliyekuwa na duka la nguo Birmingham, William McGregor, klabu 12 ziliingia, na Blackburn Rovers walikuwamo. Lakini mguu haungoji sheria. Katika ligi hiyo Suter alicheza mechi moja tu, tarehe 22 Desemba 1888, tena si kwa nafasi yake ya beki bali kama mlinda lango, kwa kuwa golikipa wao hakuwapo. Mlango alioupigania ukafunguliwa, naye akachungulia tu.

Na huko kwao je? Chama cha Uskoti hakikuruhusu wachezaji wa kulipwa mpaka mwaka 1893. Zaidi ya hayo, hakikumchagua Mskoti yeyote anayelipwa kucheza Uingereza kuiwakilisha nchi yake mpaka mwezi wa Aprili mwaka 1896, ilipofunguliwa milango na wakaifunga Uingereza 2 kwa 1. Wakati huo Suter ana miaka 38. Basi mtu aliyezaliwa Glasgow, akalelewa kwa mpira wa Glasgow, akawafundisha wageni elimu ya Glasgow, hakuivaa jezi ya Uskoti hata siku moja. Na Kinnaird, mwana wa London, aliivaa. Mmoja alikuwa na mali, akasamehewa kuzaliwa ugenini. Mwingine alikuwa hana, hakusamehewa kula ugenini.

Suter alipoacha mpira alifanya kazi ya hoteli katika mji ule ule wa Darwen. Alifariki Blackpool mwaka 1916.

Na James Love, mwenzake wa mwanzo? Yeye mpira haukumshika mkono. Alijiandikisha katika jeshi la wanamaji la Uingereza, akapelekwa Misri mwaka 1882, mwaka ambao Waingereza walimshinda Ahmad Urabi Pasha na kuikalia nchi ile. Mwezi wa Septemba mwaka huo Love alikufa huko Misri kwa homa ya matumbo. Walitoka timu moja na mji mmoja, wote kwa shida. Mmoja alimpata mtunza hazina wa kumgongea mlango, na mwingine akafa vitani katika nchi ya watu.

Klabu ya Suter ingali hai, na mji wake umebadilika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Waislamu walikuwa asilimia 35 ya wakazi wa Blackburn na Darwen, na mwezi wa Mei mwaka 2022 Blackburn Rovers ikawa klabu ya kwanza nchini humo kuufungua uwanja wake kwa sala ya Idi. Uwanja ambao zamani uliuliza nani ana haki ya kuukanyaga, leo watu wanausujudia.

Lakini swali la Suter halijaisha, wala halikubaki Lancashire. Hapa kwetu nimepata kumjua kijana aliyepewa kazi kwa ajili ya mguu wake. Jina likaandikwa kwenye daftari la vibarua, lakini kila mtu alijua kwamba kazi yake hasa ni jioni, uwanjani. Siku goti lilipovunjika, na ule ukibarua ukaisha. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba kuna mtu aliyemwajiri acheze. Alishangiliwa miaka sita, na hakuna aliyekuwa na deni lake.

Ndiyo maana nasema kosa la zama zile halikuwa fedha. Lilikuwa ni kuficha. Fedha iliyofichwa humfanya mpaji kuwa mfadhili na mfanya kazi kuwa mwombaji, na siku ya shida mfadhili hujificha pamoja na fedha yake. Mzee mmoja barazani, niliposimulia habari hizi, aliniambia nizitilie beti moja ili vijana wazishike. Nikamtungia hivi:

Jasho likisha kutoka, halilipwi kwa ishara,
Makofi yakimwagika, hayawi ni mshahara,
Mguu ukivunjika, mwenyewe huwa fukara,
Haki ni kuiandika, mikataba ya ijara.

Mcheza kwao hutuzwa, ndiyo. Lakini tuzo ni mapenzi ya mtazamaji, na mtazamaji huenda zake ngoma ikiisha. Kijana wako akiitwa kesho na timu yoyote, iwe ya mtaani au ya ng'ambo, usiulize kwanza watamshangilia vipi. Uliza karatasi iko wapi, na imetiwa sahihi na nani.